Vifuko vya Fundi Mvua

Watu walimwita Fundi Mvua, kana kwamba mvua yenyewe huharibika na yeye ndiye wa kuirudisha katika hali yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza miavuli. Alikaa kwenye baraza ya duka lililofungwa miaka mingi, juu ya benchi lenye miguu mitatu ya mbao na mmoja wa bomba, na mbele yake cherehani ya mkono iliyomzidi umri. Ukutani nyuma yake, kwenye misumari, ilining'inia miavuli ya watu: iliyovunjika mbavu, iliyochomoka mpini, iliyopinduliwa na upepo ikabaki imeduwaa kama mtu aliyesikia habari asizozitegemea.

Mvua ziliponyesha alikuwa mtu mkubwa mtaani. Watu walimwamkia wakiwa bado mbali. Jua likiwaka wiki tano mfululizo, alishona zipu za mikoba na kutia viraka mabegi ya shule, akiinua macho angani kila baada ya muda kama anayemsubiri mgeni aliyechelewa. Kinyozi wa jirani, ambaye kiti chake kilikuwa hatua nne kutoka benchi lile, alimtania kwamba katika mji mzima ni yeye peke yake anayenuna kukicha kweupe.

Alikuwa na tabia moja iliyomshinda mkewe. Mwavuli ukifa kabisa, mwenyewe akaukataa, Fundi Mvua hakuutupa. Aliulaza magotini, akakata nyuzi kwa wembe taratibu, akauvua kitambaa chake kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala. Kitambaa cha mwavuli kina vipande vinane, kila kimoja pembetatu. Alivifua, akavianika, akavinyoosha kwa pasi isiyo na moto mwingi, akavikunja na kuviweka kwenye kabati la chumbani. Miaka ishirini na mitatu ya vipande vinane vinane. Nguo za mkewe zilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda, kwa sababu kabati lilikwisha kujaa.

"Siku moja," mkewe alipenda kusema, "upepo utavuma, nyumba hii ifunguke yenyewe, tupae nayo."

Walizaa watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Watatu walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Aliyebaki nyumbani ni wa mwisho, binti wa miaka ishirini na minne waliyemwita Kitinda tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na jina likamganda. Kitinda alifanya kazi na kikosi cha kupima barabara. Mwaka wa kwanza alishika rula, ile fimbo ndefu yenye mistari myekundu: unasimama nayo wima juani mpaka mwenye darubini akupungie mkono. Mwaka wa pili Msimamizi wa kikosi, mtu mzima mwenye kitambi na maneno machache, alimwita akamwambia achungulie. Alichungulia, akasoma namba mara arobaini bila kukosea hata moja. Tangu siku hiyo darubini ikawa yake. Wanaume wa kikosi walikuwa wanne pamoja na Msimamizi. Wao walibeba, walipigilia vigingi, waliendesha gari. Yeye alisoma.

Jioni akirudi, alikula huku akieleza. Barabara, alisema, haipo mpaka mtu aione kwanza ikiwa namba. Baba yake hakuelewa nusu ya maneno hayo, lakini aliacha kutafuna ili asikie vizuri.

Jumamosi moja Kitinda alirudi mapema, akapitiliza jikoni kwa mama yake. Fundi alikuwa chumbani akinyoosha mbavu za mwavuli kwa koleo. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, na maneno yalizipanda na kushukia upande wa pili kama paka, bila kuomba ruhusa. Mwanzoni hakusikiliza. Kisha koleo likasimama.

Kikosi kilikuwa kinakwenda mbali, wiki tatu, kupima kipande kipya cha barabara kwenye nchi tambarare isiyo na mti wala kichaka. Ofisi ilikuwa imempa Kitinda siku kumi aseme kama anakwenda au anabaki. Akibaki, ipo meza ofisini, kazi ya kunakili ramani, na darubini atapewa mwingine. Na yeye alikuwa amekusudia kusema anabaki.

Mama yake alimuuliza amepatwa na wazimu gani. Ndipo Kitinda akaeleza, kwa sauti iliyoshuka lakini si vya kutosha. Siku zake zingemkuta huko. Kubadilisha pedi si shida. Kuna hema, kuna nyuma ya gari. Shida ni ile iliyokwisha kutumika. Unaiweka wapi? Safari iliyopita alichimba shimo, akaifukia vizuri, akaweka na jiwe juu. Asubuhi mbwa wa wachungaji akapita mbele ya kikosi kizima na kitu mdomoni. Hakuna aliyesema neno. Dereva alikuwa wa kwanza kuanza kutazama mawingu. Laiti wangecheka, alisema Kitinda. Kile kimya chao ndicho kilichommaliza. Alijaribu pia choo cha duka moja la njiani, na mwenye duka akamfuata hadi nje akimfokea kwamba wanawake wa safari ndio wanaomzibia choo. Na kwa kweli, alisema, mtu yule hakukosea, maana choo kile hakikujengwa kumeza vitu vya namna hiyo. Wiki tatu za maisha hayo hataziweza. Bora meza.

"Bora meza," mama yake alirudia, na sufuria ikawekwa chini kwa kishindo.

Fundi alibaki ameshika ubavu wa mwavuli uliopinda. Alimwona binti yake ameinama ofisini, anachora barabara zilizoonwa na wengine.

Baadaye mkewe aliingia chumbani na kufunga mlango, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa na faida yoyote.

"Baba watoto, mtoto anataka mfuko."

"Mfuko wa nini?"

"Usiopitisha maji wala kutoa harufu. Mdogo, wa kukaa kwenye begi bila kutuna. Mweusi."

Fundi alipiga koleo mara mbili, tatu. "Wa kutilia nini?"

"Nimekwambia mweusi," mkewe alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa mume wa miaka thelathini na baba wa mabinti wawili, hakuwa mjinga. Lakini alilelewa katika nyumba ambayo jambo hilo lilipita likiwa limeinamisha uso, na hakujua aanze na neno gani. Kwa hiyo aliamua kwamba anashona kifuko cha daftari. Siku zote alizokishughulikia alikiita hivyo, hata kichwani mwake, na kila alichokifanya hakikuwa na maana yoyote kwa daftari.

Alichagua kitambaa kizito cha mwavuli mweusi. Cha kwanza kilitoka kikubwa, cha kuingia kitabu cha hesabu za shule. Mkewe alikiweka mezani, akakiwekea kiganja chake juu, akakisogeza nyuma. Fundi akakitazama kile kiganja, akakata upya.

Cha pili kilivuja. Hilo alilitegemea, kwa kuwa maji hayaingii kwenye kitambaa cha mwavuli, huingia kwenye mshono, pale sindano ilipotoboa. Akasugua nta ya mshumaa juu ya kila mshono, akapitisha pasi yenye uvuguvugu, nta ikanywewa na uzi. Akakijaza maji, akakitundika kwenye msumari toka asubuhi mpaka saa nane. Hata tone. Ndani akatia bitana ya kitambaa hichohicho, ambayo hakuishona bali aliibana kwa vishikizo vinne, ili itoke, ifuliwe na kuanikwa peke yake. Ni daftari gani linalohitaji kufuliwa, hakujiuliza.

Ikabaki harufu. Alifikiri siku nzima, kisha akakata kitunguu kibichi vipande vidogo, akakitia ndani, akafunga, akakiweka kifuko kwenye mfuko wa shati na kwenda kazini.

Haikufika saa tatu kinyozi akageuka na mkasi mkononi. "Fundi, siku hizi mnaoga kwa kitunguu kwenu?"

Fundi akasema ni dawa ya kifua. Mteja aliyekuwa kitini akaomba afahamishwe ni dawa ya kutibu kifua au ya kufukuza wageni. Fundi alicheka pamoja nao, akarudi nyumbani akiwa ameshindwa, akamweleza mkewe kwamba daftari linanuka. Mkewe hakucheka. Alitwanga mkaa, akauchekecha, akaushonea kwenye kijifuko cha kipande cha shuka, kidogo kama pakiti ya majani ya chai, akampa. Fundi akakipachika chini ya bitana. Kisha akaongeza urefu wa mdomo wa kifuko, ili uukunje mara tatu kama unavyosokota mwavuli, ndipo ufunge kwa mkanda na kishikizo.

Kesho yake alikaa tena na kitunguu kifuani. Saa tatu ikapita, saa nne, saa sita. Kinyozi alinyoa vichwa saba na kueleza habari za nyumba saba. Fundi akashindwa kuvumilia.

"Husikii harufu?"

"Ya nini?"

"Yoyote."

Kinyozi akamsogelea, akavuta pumzi shingoni kwake kama daktari. "Unanuka fundi tu."

Ndipo Fundi, kwa furaha iliyomzidi akili, akafanya kosa. Alitoa kifuko mfukoni, akakifungua mbele ya kinyozi, na kitunguu cha toka asubuhi kikawapiga wote wawili machoni. Kinyozi akarudi nyuma, akafuta machozi, akakigeuza kifuko kile mikononi kwa heshima. Akasema anakitaka kama hicho, cha kutilia brashi zake za sabuni ambazo hulowesha begi lote. Fundi angewezaje kukataa? Akamshonea. Na kinyozi hunyoa kwa mikono lakini huishi kwa mdomo. Kabla ya wiki kwisha, mwashi mmoja alikuwa na chake cha simu, mama wa duka la vitabu cha risiti, na mtu mmoja wa pikipiki cha leseni. Wote waliuliza ni vya nini hasa. Fundi aliwajibu kwamba ni vya kuweka kitu kikakaa, na hilo halikuwa uongo.

Kifuko cha kwanza kilichokamilika kilipita kwa mkewe kwenda kwa Kitinda. Hakuna aliyesema asante wala karibu. Asubuhi moja tu Fundi aliona mkanda mweusi ukichungulia kwenye begi la binti yake, akajifanya anatafuta viatu.

Lakini siku ziliendelea kupungua, na Kitinda hakwenda ofisini kutoa jibu. Siku ya saba maneno yakapanda ukuta tena. Kifuko, alisema Kitinda, ni kizuri mno. Hakionyeshi, hakinuki, ataweza kukaa nacho hata siku mbili mpaka apate pa kuchomea. Ila yeye ni mwanamke mmoja katikati ya wanaume wanne wanaokula pamoja, wanaokaa pamoja, wanaojua hata soksi za mwenzao. Kitu cheusi kilichofungwa vizuri namna ile, ambacho hakijawahi kuonekana, mkononi mwake peke yake, hicho chenyewe ni tangazo. Watauliza. Wasipouliza watatazama mawingu. Amekwisha kuandika barua ya kuomba meza. Ataipeleka siku ya kumi.

Fundi alikula chakula chake chote siku hiyo bila kujua ni chakula gani.

Siku ya nane Msimamizi mwenyewe akaja barazani. Alifuata mwavuli mkubwa wa kikosi, ule wa kuikinga darubini na jua, kwa kuwa darubini ikipata joto namba huanza kucheza. Fundi alikuwa amekwisha kuubadilisha mbavu mbili. Msimamizi aliufungua, akaufunga, akaridhika. Angekwenda zake, lakini kinyozi alikuwa anakausha brashi na kuzirudisha kwenye kifuko chake, akakunja mara tatu, akafunga, kwa madaha ya mtu mwenye kitu kipya.

Msimamizi alikaa chini. Akaeleza kwamba safari iliyopita mvua iliwanyeshea ndani ya gari, betri zikalowa, daftari la vipimo likawa uji, na mkate wake wa siku tatu ukawa kitu ambacho hata yule mbwa alikikataa. Fundi aliposikia mbwa akatazama pembeni.

"Hivi vifuko, Fundi, ni vya nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuvishona, Fundi alilitamka jina lile mbele ya mtu wa nje. "Vya daftari."

"Nishonee vinne basi, maana binti yako bado hajatoa jibu. Kila mtu na chake. Mimi nitatia mkate."

Fundi aliisogeza cherehani bila sababu. Akasema uzi mweusi umekwisha.

"Uzi uko nyuma yako hapo," kinyozi alisema. "Vibunda viwili."

Fundi alimtazama kinyozi kwa jicho ambalo, kama lingekuwa wembe, lingemwachia upara. Kisha akasema vitakuwa tayari kesho yake.

Alivishona kwa mikono iliyokuwa mizito, kutoka kwenye kitambaa kilekile kilichobaki cha mwavuli uleule, kwa sababu ndicho pekee kizito alichokuwa nacho. Jioni alimweleza mkewe. Mkewe aliketi kwanza.

"Wamechukua mfuko wa mtoto."

"Wa mtoto ni wa mtoto. Vile ni vya daftari."

"Na mkate."

"Na mkate mmoja."

"Vinafanana?"

Fundi aliinamisha uso. "Kama pacha," alisema.

Mkewe alimwambia mengi jioni ile, na yote yalipita juu ya ukuta. Kitinda, upande wa pili, aliyasikia yote. Fundi alilala akijua kwamba yeye, kwa mikono yake, ndiye aliyeimaliza kazi ya darubini.

Siku ya kumi Kitinda alitoka na barua yake. Kwenye uwanja wa ofisi gari la kikosi lilikuwa limefunguliwa nyuma, linapakiwa vigingi. Ndani ya gari, pembeni, kulikuwa na kulabu tano za kutundikia kofia. Kwenye nne vilining'inia vifuko vinne vyeusi. Msimamizi alikuwa amesimama anamfundisha dereva namna ya kukunja, kwa sauti ya mtu aliyevumbua kitu hicho yeye mwenyewe: moja, mbili, tatu, ndipo kishikizo. Dereva alikunja mara mbili akaambiwa arudie. Wale wabebaji wawili walikuwa wanabishana ni cha nani kilichoshonwa vizuri zaidi.

Kitinda alizihesabu kulabu. Halafu akafungua begi lake, akatoa kifuko chake, akapanda gari, akakitundika kwenye kulabu ya tano. Hakuna aliyegeuka. Mbebaji mmoja alisema tu kwamba loo, na yeye amepewa, na akarudi kwenye ubishi wake.

Aliingia ofisini akasema anakwenda. Barua aliichana vipande vidogo akiwa bado mlangoni, na karani akamwomba aokote takataka zake.

Fundi alizijua habari hizo siku ileile, kwa njia ya kawaida, kutoka juu ya ukuta. Kesho yake asubuhi alimtengenezea kinyozi mwavuli wake mbovu wa miaka mitatu, ambao kinyozi mwenyewe alikwisha kuusahau, na hakumweleza kwa nini.

Kikosi kikaondoka. Mvua zikaanza, na benchi likajaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi alikuwa na kazi hadi ya kuwaambia watu warudi kesho, na bado aliweza kumuuliza mkewe kila siku kama kuna neno lolote kutoka huko, na mkewe kumjibu kwamba barabara haijatuma salamu.

Ijumaa moja alasiri, mvua ikiwa imepumzika na maji yanatiririka mtaroni, gari la kikosi lilisimama ng'ambo ya barabara. Kitinda akashuka na begi. Hakwenda nyumbani. Alivuka, viatu vyake vikiwa na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo, akaja kukaa kwenye kigoda cha wateja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko nyumbani."

"Najua. Nimekuja kwako."

Mkasi wa kinyozi ukapunguza mwendo. Fundi alimwambia aangalie sikio la mteja, kisha akasogeza benchi mpaka cherehani ikawa katikati yao na kinyozi.

Kitinda alisimulia kwa sauti ya chini, akicheka kabla ya kufika penye kicheko. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Vifuko vitano vilining'inia, vikacheza pamoja gari likitikisika, na hakuna aliyejua wala kutaka kujua cha mwenzake kina nini. Wiki ya pili siku zake zikaja. Mchana mmoja wenzake walikwenda kula kwenye kivuli cha gari, yeye akabaki kwenye darubini kumalizia vipimo viwili. Akaizungusha, na alipochungulia, akaona ndani yake mikono ya Msimamizi, mikubwa, karibu kabisa, kama iliyowekwa puani kwake. Ilikuwa inafungua kishikizo. Akatazama kulabu. Kwenye ya Msimamizi, cha mkate bado kilikuwa kinaning'inia. Chake yeye, kwenye ya tano, hakikuwepo.

"Nilitaka kupiga kelele, baba. Nikabaki nachungulia. Akakunjua moja. Akakunjua ya pili."

Fundi alikuwa ameacha kuzungusha gurudumu la cherehani.

Kwenye ya tatu Msimamizi alisita. Alikipima kifuko kwenye kiganja; hakikuwa na uzito wa mkate. Akainua macho akaziona kulabu, akakiona chake. Kisha akakunja, moja, mbili, tatu, akafunga kishikizo, akainuka polepole kwa sababu ya magoti yake, akakirudisha kwenye kulabu ya tano, akachukua cha mkate, akala. Hakutazama mawingu. Aliuliza tu kama kuna mtu ana chumvi.

Alasiri hiyo akamwambia dereva kwamba kichwa kinamgonga, wapitie kituo cha afya kilichokuwa mwendo wa nusu saa, apimwe presha. Walipofika alisema, bila kumwelekea mtu, kwamba maadamu wamekuja hawana haraka, na mwenye jambo lake la kumuuliza muuguzi aulize. Muuguzi, mama mmoja wa makamo aliyevaa miwani, alimpeleka Kitinda nyuma ya jengo. Kulikuwa na tanuru dogo la matofali lenye mlango wa chuma, la kuchomea taka za kituo, na pembeni bomba la maji na kamba ya kuanikia. Alimwonyesha namna ya kutia na kufunga, akamwambia arudi wakati wowote.

"Tangu siku ile, kila baada ya siku mbili, presha ya Msimamizi inapanda," Kitinda alisema. "Dereva ameapa kwamba mkuu amempenda yule muuguzi. Wanamwimbia kabisa. Naye anawaacha waimbe. Ana mabinti watano nyumbani, baba, na mama mkwe. Na muuguzi alikwisha kumwambia mara tatu kwamba presha yake ni ya kijana wa miaka ishirini."

Fundi alicheka mpaka akashika cherehani isianguke. Alicheka peke yake, kisha binti yake akaingia katika kicheko hicho, na kinyozi, ambaye hakuwa amesikia kitu, akacheka pia ili asipitwe.

Walipotulia, Kitinda alitoa karatasi mfukoni akaifungua juu ya cherehani. Ilikuwa na sahihi yake chini. Kipande kinachofuata, miezi miwili. Darubini ni yake tena, na safari hii wameajiri msichana wa kushika rula.

"Tutakuwa wawili," alisema. "Nataka na chake."

Fundi aliisoma karatasi yote, pamoja na namba zisizomhusu. Akaikunja, akamrudishia. Akachukua kipande cheusi kwenye rundo na kukitandaza, akakilainisha kwa kiganja ingawa hakikuwa na mkunjo. Kwa miaka thelathini hakulijua neno la kuanzia, na lililotoka sasa lilikuwa la kazi yake.

"Kilitosha?"

"Siku gani, baba?" Aliuliza taratibu, akimwachia mlango wazi kama angetaka kutoka.

Fundi hakutoka. "Siku zile nzito."

Kitinda alitazama viatu vyake, kisha akamtazama baba yake usoni. "Ya kwanza kilitosha. Na ya tatu. Ya pili kilibana."

"Kilibana chini au ubavuni?"

"Chini."

"Basi tuongeze vidole viwili," Fundi alisema. Akatafuta chaki, akaweka vidole vyake viwili kwenye ukingo wa kitambaa. "Cha kwako na cha mwenzio. Shika hapa."

Kitinda akashika pembe ya kitambaa kwa mikono yote miwili, akaivuta ikanyooka, na baba yake akapiga mstari.